Unga Usiokwisha wa Mama Tadei

Ukitaka kumjua Fransiska, mama yake Tadei, achana na sura yake, anza na chungu chake. Sura ilikuwa ya mwanamke yeyote wa Ufipa aliyepigwa na upepo wa uwanda ule tangu utotoni. Jikoni ndiko alikokuwa hana mwenzake. Kichwa kimoja cha mgebuka mkavu, samaki wa Ziwa Tanganyika, alikichemsha kwenye maharage mpaka mchuzi ukanukia ziwa, kisha akakiopoa kwa mwiko, akakirudisha juu ya kichanja kikauke kwa moshi, na baada ya siku mbili kikaingia tena kwenye majani ya maboga, kikapokelewa kwa heshima kana kwamba kimetoka ziwani Kasanga asubuhi ile. Maharage yenyewe yalikwenda kwa zamu: leo watu wanakula mchuzi wake, kesho ndiyo wanakula maharage. Mafuta hakuyahitaji, alitwanga karanga. Magadi hakununua, alichoma maganda ya maharage, akachuja majivu, akapata maji ya kulainishia mlenda. Chumvi ya mawe aliifunga kwenye kitambaa, akaitumbukiza chunguni, akaikoroga kidogo na kuiopoa kabla haijamaliza kuyeyuka. Na chakula kilikuwa kitamu, hilo hata waliomchukia walikubali.

Waliomchukia walikuwepo, kwa sababu mama huyu alishuku kila kitu na kila mtu, na wala hakuona haya. Bashiri, mfanyabiashara wa Sumbawanga mjini ambaye lori lake lilileta dagaa kutoka Kasanga, likapita Matai na kuteremka hadi Laela, alimjua vizuri: hakununua dagaa kabla ya kuingiza mkono ndani ya kopo la kupimia, apapase kitako kama hakijabonyezwa kije juu. Watoto wake wakitoka kucheza aliwanusa viganja. Mtu akimpa kitu cha bure alikigeuza huku na huku akitafuta kasoro, na asipoiona ndiyo kwanza alizidi kushuku. Marehemu mumewe, Polikarp, alikuwa akitania kwamba Fransiska alimchunguza mwaka mzima kabla ya kukubali kuolewa, na baada ya harusi akaendelea kuchunguza.

Lakini tusimwonee. Mwanamke aliyelea watoto kwa jembe la mkono, mume yuko kitandani na kifua chake, hana nafasi ya kuamini ovyo. Kila alichokificha alikificha kwa sababu aliwahi kukikosa. Watoto wake hawakulala na njaa hata katika miaka mibaya, na kwa hilo alijisikia fahari, ingawa fahari yenyewe aliionesha kwa kununa.

Amri ya kuhamia vijiji vya ujamaa ilipofika, mwaka wa sabini na nne, Polikarp alikuwa ameshazikwa. Mama Tadei akahama na watoto wake watatu wadogo, mkubwa wao akiwa msichana Cornelia. Walipewa kiwanja kando ya barabara ya Laela, nyumba zote kwenye mstari mmoja. Tadei, kifungua mimba wake, hakuwepo. Alikuwa ameajiriwa kwenye ujenzi wa reli upande wa Tunduma, na alikuja nyumbani kwa nadra, tena akiwa na haraka.

Huko walikotoka, kati ya nyumba yake na ya jirani kulikuwa na shamba zima la ulezi. Hapa kijijini mtu akikohoa nyumba ya tatu ulimwambia pole bila kuinuka. Jambo hilo lilimnyima raha mama huyu kuliko njaa. Ukikaanga karanga, mstari mzima unajua kwamba umekaanga karanga. Ukikosa moshi jioni, mstari mzima unajua kwamba umekosa. Akajenga jiko lake la miti na udongo, dirisha hakuweka, mlango akauelekeza nyuma kwenye mahindi, na hata hivyo alipika huku sikio moja liko nje.

Na njaa nayo ilikuja. Watu walihamishwa wakati wa kuandaa mashamba, wakayaacha nyuma matuta yao ya duara, yale ambayo Wafipa hufukia majani chini yake yaoze, na mashamba mapya yalikuwa bado hayajapata hata tuta moja la maana. Mvua zilipokolea, mboga zilikuwa tele, maboga yametambaa mpaka milangoni, uyoga umejaa, ila unga hakuna. Ndipo serikali ikaleta ule unga wa njano ambao watu waliuita yanga. Kila kaya iligawiwa kwa idadi ya watu walioandikishwa. Mgawaji alikuwa karani wa ghala, kijana mmoja anayeitwa Flavian, shati safi, meno nje muda wote. Mama Tadei hakuupenda unga kwa rangi yake, na karani hakumpenda kwa kucheka kwake.

Dominika aliingia katika nyumba hii kaya zikiwa zimeshahesabiwa. Tadei alimuoa huko kwao Dominika, upande wa Matai, akakaa naye kambini kwa muda, na Dominika alipojifungua, Tadei akamleta yeye na kitoto chao Kristiana kwa mama yake, akawaacha, akarudi kwenye reli. Karani akasema jina la mgeni litaingizwa kaya zikihesabiwa tena. Lini, hakujua. Mama Tadei alirudi kutoka ghalani siku hiyo na mfuko wake kichwani, akautua chini kwa kishindo, akanung'unika kwamba wamempa unga wa watu wanne na midomo sasa ni mitano. Alisema hivyo akiwa amempa mgongo mkamwana wake, aliyekuwa ameketi anachambua majani ya maboga. Kisha akasahau, kwa sababu hakuna siku iliyopita bila yeye kunung'unikia kitu fulani.

Kwa desturi yao, mwanamke aliyeolewa hali mbele ya mama mkwe wake mpaka atakapopewa mafiga yake mwenyewe na kuwasha moto wake. Kabla ya hapo anapika katika jiko la mama mkwe, anapeleka chakula ndani, anapiga magoti, anakiweka, anarudi jikoni kula peke yake. Ni heshima, na Dominika alikuwa na heshima mpaka ikamtia shaka mama mkwe wake. Shikamoo yake ya asubuhi ilikuwa ya chini sana. Hakuomba kitu. Mama Tadei alichota unga kwenye chungu kikubwa kilichokaa pembeni mwa jiko, akaumimina kwenye ungo, akamwachia Dominika asonge. Yeye na watoto walikula nyumbani huku akisikia sufuria ikikwanguliwa jikoni, ikikwanguliwa na kukwanguliwa, akajisemea moyoni kwamba mtoto wa watu anajua kula.

Wiki zikapita, na unga haukwisha. Majirani walianza kukung'uta mifuko yao siku nyingi kabla ya mgawo mwingine, wakapika maboga matupu. Kwa Mama Tadei ugali ulisongwa kila siku. Kule kwenye shamba la ujamaa wanawake walimuuliza anafanyaje, naye, ambaye kwa kawaida hakumwambia mtu hata alipokaushia mbegu, safari hii alilainika kwa sifa. Aliegemea jembe akawafundisha. Akaeleza habari za kichwa cha mgebuka na zamu za maharage, akasema wao wanamimina unga kama wanalisha kuku, akasema nyumba inalishwa kwa akili na si kwa mfuko. Wale wanawake waliitikia, wakatazamana.

Kilichofuata mtu mwingine angekitarajia. Yakaanza maneno ya chini chini kwamba karani anampitishia mjane unga kwa mlango wa nyuma. Balozi wa nyumba kumi akaja kumjulia hali, jambo ambalo hakuwahi kulifanya, na wakati anauliza habari za watoto macho yake yalikuwa yanazunguka kila kona ya jiko. Mama Tadei alimwona. Alikuwa ameshuku watu maisha yake yote bila kujua upande wa pili unavyouma. Mtu akithibitika kuwa anaficha chakula cha kijiji angekatwa kwenye mgawo, na watoto wake wangekula nini? Balozi alipoondoka alifunga mlango, akaketi karibu na chungu, akakikodolea macho.

Kwa mara ya kwanza akajiuliza swali ambalo sifa zilimzuia kuliuliza. Unga huu kwa nini haukwishi? Anachota kwa kibuyu kilekile. Midomo imeongezeka. Alijua ujanja wake wote na alijua unaweza kumfikisha wapi, na haukuweza kumfikisha hapa. Akachukua kijiti, akakichomeka mpaka chini, akatia alama ya kucha. Kisha akasawazisha unga juu kwa upole, akagandamiza kiganja chake. Kidole chake cha kati kilipinda tangu siku kilipopigwa na mchi, hivyo mkono wake haukufanana na wa mtu mwingine. Akafunika, akaenda zake shambani, unga wa mchana ameshamwachia Dominika kwenye ungo.

Jioni alipofunua, kiganja kilikuwepo. Vidole vyote vilikuwa vimenyooka.

Akapima kwa kijiti. Unga ulikuwa umepanda kidogo juu ya ile alama ya kucha. Hapo mwili ulimsisimka kweli. Mwizi wa unga anaeleweka, hata ukimkamata mnaelewana. Lakini mtu anayekuongezea unga katika njaa, tena kwa siri, tena akifuta nyayo zake, huyo anatafuta nini nyumbani kwako? Akaunusa unga. Akauonja kwa ncha ya ulimi, akatema. Akamtupia kuku jike wake kiasi kidogo, akakaa kumchunguza mpaka giza lilipoingia. Kuku hakupata neno, na kesho yake alikuja mlangoni kutaka mwingine.

Basi kama si dawa, ni mwanamume. Fikra hiyo ilipoingia haikutoka tena. Jikoni hakuna anayeingia isipokuwa yeye na Dominika. Dominika hana unga, hana ndugu hapa, mume yuko mbali. Nani mwenye unga kijijini? Akakumbuka kwamba siku moja kisimani Flavian alimsaidia Dominika kujitwika debe. Wakati ule aliliona kuwa jambo dogo, sasa likawa kubwa. Akaanza kumchunguza msichana, na kila alichokiona kilimthibitishia. Dominika alikuwa anakonda. Mashavu yameingia ndani, kanga anaizungusha mara mbili kiunoni. Mama Tadei akasema huyo anamuwaza mtu. Kitoto Kristiana kilikuwa kinalia kikiwa titini, kinaachia, kinalia tena. Mama Tadei akasema mtoto naye amejua kwamba kuna jambo. Cornelia alipomwambia mama yake kwamba wifi alipata kizunguzungu akakaa chini njiani kutoka kisimani, mama akauliza tu kama karani alikuwa karibu.

Hakumuuliza Dominika mwenyewe hata mara moja. Alijiambia kwamba atakana, na akikana itabidi wapige kelele, na kuta za hapa zina masikio. Alimfikiria mwanawe aliyekuwa anabeba vyuma vya reli juani, akili yake nyumbani kwa mke na mtoto, na hasira zikampanda. Akakata kauli kwamba jambo hili limalizike kabla Tadei hajaja kwa Pasaka. Msichana arudi kwao. Mtoto atabaki, maana ni damu ya Tadei, atanyweshwa uji mpaka azoee. Lori la Bashiri lilipopita likielekea Matai alimsimamisha dereva, mtu anayeitwa Hamis, akampa ujumbe kwa mzee Leonardi, baba yake Dominika, kwamba aje amchukue mwanawe. Hamis akauliza amwambie kuna kosa gani. Akajibiwa amwambie aje tu.

Ujumbe ulipokwisha kwenda akaona amebakiza jambo moja, ushahidi. Hawezi kukaa mbele ya mkwe wake akamwonesha alama ya kiganja. Kwa hiyo asubuhi moja, kengele ya shamba la ujamaa ilipogongwa, alichota unga wa chakula cha mchana, akauweka kwenye ungo, akagandamiza tena kiganja chake kwenye chungu cha unga, akamuaga Dominika, akatoka na jembe begani kama kawaida. Alipofika mwisho wa mstari wa nyumba akakata kushoto, akapenya kwenye mahindi, akarudi kwa nyuma ameinama. Kwenye ukuta wa jiko kulikuwa na mahali udongo ulipobanduka kwa mvua. Akaweka jembe chini, akaweka jicho.

Alitegemea kumwona Flavian na mfuko. Jikoni alikuwamo Dominika peke yake, mtoto mgongoni. Maji ya ugali yalikuwa yanaanza kuchemka. Dominika akauvuta ungo karibu, akautazama unga, akakusanya kiasi kwa viganja viwili, akakirudisha kwenye chungu cha unga. Akatazama tena kwenye ungo, akaongeza konzi moja. Kisha akausawazisha unga wa chunguni, akalifikiria jambo fulani kidogo, akakunja kidole chake cha kati upande, kwa uangalifu, akagandamiza mkono wake pale juu.

Mama Tadei hakuelewa. Nasema hivyo kwa sababu watu wengine huwa wanafikiri kwamba aliona na papo hapo akaelewa. Mtu aliyezoea kutafuta ubaya hupata shida kuusoma wema hata ukiwa mbele ya jicho lake. Alisubiri mwanamume atokee. Dominika akasonga ugali, akaupakua wote kwenye sahani ya watoto na ya mama mkwe, akafunika vizuri, mboga akaipakua, akafunika. Sufuria ikabaki na ukoko uliogandia pembeni. Akamimina maji ya moto ndani yake, akaanza kukwangua, akakwangua kwa muda mrefu kila upande mpaka maji yakawa meupe kidogo, akainua sufuria akanywa. Akapukusa majani ya maboga yaliyobaki chini ya chungu cha mboga, akala. Hicho ndicho kilikuwa chakula chake.

Halafu akamtoa mtoto mgongoni, akampa titi. Kristiana akanyonya, akaachia, akalia. Dominika akamhamishia titi la pili. Mama Tadei aliyelea wanne aliyatambua matiti yale, alijua hayana kitu ndani, na ndipo alipoelewa vyote kwa mpigo. Yale maneno ya midomo mitano yakamrudia, kwa sauti yake mwenyewe, na kishindo cha mfuko. Huyu mtoto wa watu alikuwa ameyasikia, akayachukua, akajitoa mwenyewe kwenye hesabu. Na akili zile alizokuwa anajisifia shambani, akiwa ameegemea jembe, zilikuwa ni tumbo tupu la msichana huyu. Aliona aibu, aibu ya kutaka ardhi ipasuke, akabaki amechuchumaa pale kwenye mahindi.

Akiwa bado hapo akasikia honi ya lori barabarani. Akajua ni nani.

Alipozunguka hadi mbele ya nyumba, Leonardi alikuwa ameshateremka. Alikuwa mkulima mrefu, mwenye koti zito la zamani na fimbo, na uso wake haukuwa na salamu. Mama Tadei akamkaribisha kwenye kiti cha gogo, lakini mzee alikataa kuketi kwanza. Dominika akatoka jikoni, akapiga magoti kumwamkia baba yake. Mzee alianza kuitikia marahaba, ikamkatikia mdomoni. Akamshika mkono, akakizungushia kifundo chake vidole viwili vikakutana, akauachia. Ndipo akaketi, akavua kofia.

"Mkwe," alisema, "nimekuja na hasira. Dereva aliniambia nije nimchukue mwanangu, bila kuniambia amekosa nini. Njia nzima nimekuwa nakusema vibaya moyoni. Kumbe umeona mtoto anaisha, ukaona uniite mapema. Mwingine angenyamaza mpaka aniite msibani. Nakushukuru sana, mkwe wangu."

Dominika alikuwa anatazama chini. Kwa jinsi alivyokuwa ametulia ilikuwa wazi kwamba hatasema neno, si leo wala siku nyingine. Ningependa kusimulia kwamba Mama Tadei alisema ukweli hapohapo, lakini sivyo. Alifikiri kwanza. Mlango ulikuwa wazi na yeye alitakiwa kupita tu: apokee shukrani, msichana aende kwao akashibe, kijiji kiseme Fransiska ana huruma, Tadei aambiwe mkewe alikuwa mgonjwa. Hakuna ambaye angejua. Kisha akamwona mzee anazungusha kofia yake mikononi, anasubiri aitikiwe shukrani zake, na hakuweza kuzipokea.

"Sikukuita kwa wema, mkwe," alisema. "Nilikuita kwa sababu nilidhani ana mwanamume. Unga wangu ulikuwa haukwishi, nikadhani karani wa ghala anamletea. Leo nimechungulia ukutani nikaona kwa macho yangu. Unga ni wake mwenyewe. Sehemu yake haili, anairudisha chunguni."

Lori lilikuwa bado linanguruma barabarani, watoto wa majirani wamelizunguka. Leonardi akamgeukia binti yake, akamuuliza kwa nini.

"Mama alisema unga ni wa watu wanne," Dominika akajibu polepole. "Sikutaka niwe mzigo."

Mzee akasimama. Hakumtukana mtu. Alisema tu kwamba Dominika afunge vitu vyake, na mtoto amchukue, na kama Tadei ana neno atamfuata yeye Matai. Mama Tadei alikuwa amejiandalia maneno mengi juu ya mtoto na damu na haki ya upande wa mume. Hakukumbuka hata moja. Dominika akaingia ndani, akatoka na furushi dogo, baba yake akalipokea.

"Njia ni ndefu," akasema Mama Tadei. "Ale kwanza."

Hakungoja aruhusiwe. Akaenda jikoni mwenyewe, akaleta sahani iliyokuwa imefunikwa kwa ajili yake, na mboga yake, akaiweka kwenye mkeka barazani, mahali ambapo mstari mzima wa nyumba ulikuwa unaona. Akamchukua mtoto kutoka mikononi mwa Dominika, akamfunga mgongoni. Kisha akachukua birika na beseni, akapiga magoti. Mama mkwe hamnawishi mke wa mwanawe, hilo kila mtu kule alilijua, na majirani waliokuwa wamesimama milangoni waliacha kuzungumza. Dominika alirudisha mikono nyuma. Akamtazama baba yake, kama mtu anayeogopa kuambiwa amekosa adabu mbele za watu.

"Kula," baba yake akasema.

Akanawa. Akaketi mbele ya mama mkwe wake, akamega. Mwanzoni alikula kwa ncha za vidole, tonge dogo dogo, macho chini, kwa zile heshima zake zote. Halafu mkono ukaanza kwenda wenyewe. Alimega matonge makubwa, akachovya, akameza kabla ya kutafuna vizuri, akasahau kwamba anatazamwa. Mama Tadei alibaki amepiga magoti pale pale, birika mkononi. Alikuwa amempikia msichana huyu na kupikiwa naye miezi yote ile, na hakuwa anajua anapendelea kumegea upande gani wa sahani, wala kwamba hula kwa haraka, wala kwamba mboga huimaliza mwisho. Machozi yalimtoka, akayaacha yatoke.

Sahani ikaisha. Dominika alipangusa vidole vyake pembeni mwa sahani, akavilamba, kisha akashtuka, akakumbuka alipo, akaficha mkono kwenye kanga.

"Umeshiba?" Mama Tadei akamuuliza.

Mkamwana yeyote wa kule, akiulizwa hivyo na mama mkwe wake, anajua la kujibu, kwamba ameshiba. Dominika aliangalia sahani tupu. Akamwangalia baba yake aliyesimama na furushi, akamwangalia mama huyu aliyepiga magoti na mtoto mgongoni.

"Bado, mama," alisema.

Leonardi akaliweka furushi chini, akavuta kiti, akaketi. Akampungia mkono Hamis kule barabarani kwamba aende, asiwangoje. Mama Tadei akainuka kwa kushika magoti, akaenda jikoni kuchota unga mwingine.